Nani akalie kiti cha Stalin? Ulinganisho kwa waandishi wa hadithi za "ingekuwaje"

Kila anayeandika hadithi ya "ingekuwaje" kuhusu Umoja wa Kisovieti hukwama palepale: Stalin nimemtoa, sasa nimweke nani? Majina yanayotajwa hayazidi vidole vya mkono mmoja. Lenin aliyepona, Trotsky aliyeshinda, Bukharin aliyesikilizwa, Kirov ambaye risasi ilimkosa, Beria aliyewawahi wenzake.

Miswada ya namna hii niliyosoma ina magonjwa mawili. Wa kwanza humwondoa Stalin ukurasa wa kwanza, na tukifika ukurasa wa kumi polisi wa siri wameshayeyuka kama chumvi kwenye maji. Wa pili hubadilisha jina tu: kambi zilezile, vifo vilevile, kana kwamba kiongozi ni kofia na kichwa hakina kazi.

Ugonjwa wa pili unatibika kwa tarakimu mbili. Mwaka 1937 na 1938, kwa hesabu za polisi wenyewe, watu wapatao 682,000 walihukumiwa kifo kwa makosa ya kisiasa. Mwaka 1939 waliohukumiwa kifo ni kama 2,600. Chama ni kilekile, itikadi ni ileile, hata mahabusu hazikuhama mtaa. Kilichobadilika ni amri kutoka juu. Amri Na. 00447 ya polisi hao wa siri, ya tarehe 30 Julai 1937, ukiitazama unaona jedwali la mgao: jina la mkoa, idadi ya kundi la kwanza, idadi ya kundi la pili. Kundi la kwanza wapigwe risasi, la pili wafungwe miaka minane hadi kumi. Jumla ya kuanzia ilikuwa watu 268,950, na 75,950 kati yao walikuwa wa kundi la kwanza. Mikoa ikaandika barua kuomba iongezewe, kama mabwana stoo wanaoomba magunia zaidi ya sukari kabla ya sikukuu. Novemba 1938 ikaja karatasi nyingine, na kazi ikasimama.

Ugonjwa wa kwanza nao dawa yake ni tarehe. Cheka, polisi wa siri wa mwanzo, iliundwa Desemba 1917, wakati Stalin ni mmoja tu kati ya mawaziri wa Lenin. Kambi ya Solovki, katika visiwa vya Bahari Nyeupe, ilifunguliwa 1923. Yeyote utakayemkalisha kwenye kile kiti atakuta mashine tayari, ina mafuta, ina madereva.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: chini yake, ni nani angelala na hofu?

Vigezo

Ninatumia vinne. *Rekodi*: alifanya nini siku aliyokuwa na bunduki mkononi, aliyoyaandika akiwa uhamishoni hayahesabiki sana. *Shamba*: angewafanyia nini wakulima, maana waliokufa vijijini kwa njaa ni wengi kuliko waliokufa kwenye vyumba vya mahojiano. *Wenzake*: mwanachama mwenzake akimpinga na kushindwa, analala wapi usiku ule? *Idara*: angeweza, na angetaka, kuizima Cheka na warithi wake, yaani GPU, OGPU na NKVD?

Lenin aliyepona

Kiongozi wa mapinduzi ya 1917 alipata kiharusi cha kwanza Mei 1922, akafa Januari 1924 akiwa na umri wa miaka 53. Mpe afya ya kawaida tu na angekuwapo hadi katikati ya miaka ya 1930.

*Rekodi.* Usimpake rangi ya babu mpole. Tarehe 11 Agosti 1918 aliwaandikia wakomunisti wa Penza wanyonge hadharani matajiri wa vijijini wasiopungua 100, wawatangaze majina, wachukue nafaka yao yote na kukamata mateka. Chini ya barua akaongeza kwamba watafutwe watu wagumu zaidi wa kuifanya kazi hiyo. Mwaka 1922, vita vimekwisha na nchi inapumua, yeye ndiye aliyesukuma wasomi zaidi ya 100 wafukuzwe nchini, wengine wakapakiwa kwenye meli za Kijerumani kutoka Petrograd wakiwa na masanduku machache.

*Shamba.* Hapa ndipo anapotofautiana. Uasi wa wakulima na wa mabaharia wa Kronstadt, ngome ya kijeshi karibu na Petrograd, ulipomfikisha ukutani mwaka 1921, alirudi nyuma: akafuta unyang'anyi wa nafaka, akaweka kodi, akaruhusu soko. Njaa ya 1921 ilipouma, alikubali shirika la misaada la Wamarekani liingie, na mwaka uliofuata lilikuwa likilisha zaidi ya watu milioni 10 kwa siku. Linganisha na 1932 na 1933, njaa iliyoua mamilioni Ukraine, Kazakhstan na kwingineko huku serikali ikikana kwamba kuna njaa yoyote na nafaka ikiendelea kuuzwa nje. Tofauti hiyo peke yake inabeba riwaya nzima.

*Wenzake.* Oktoba 1917 Zinoviev na Kamenev, viongozi wenzake wa chama, walipinga mpango wa mapinduzi hadi habari ikatokea gazetini. Lenin aliwaka, akataka wafukuzwe chamani. Baada ya muda mfupi wote wawili walikuwa tena mezani pake, na Kamenev akaja kuwa naibu wake serikalini. Wasio wa chama chake hawakuwa na bahati hiyo: viongozi wa Wasoshalisti Wanamapinduzi, chama pinzani, walifikishwa mahakamani 1922 na kuhukumiwa kifo, hukumu ikaning'inizwa juu ya vichwa vyao kama rehani.

*Idara.* Alipunguza makali ya Cheka mapema 1922 na kuibadili jina, kisha mwaka huohuo ikarudishiwa meno mengi. Hakuiona kama kosa la kusahihishwa.

*Anamfaa* mwandishi anayetaka nchi ambamo aliye ndani ya chama anaweza kubishana na bado akala chakula cha jioni na wanawe, na aliye nje ya chama hana pa kukimbilia.

Trotsky aliyeshinda

Huyu, aliyeshindwa na Stalin katika kugombea uongozi baada ya Lenin, ndiye kipenzi cha wengi, na sababu ninaielewa. Alikuwa na kalamu kali, aliuawa kinyama Mexico mwaka 1940, na aliyemuua alitumwa na mtu tunayemchukia. Ila kuuawa na mbaya hakumfanyi mtu kuwa mwema.

*Rekodi.* Agosti 1918, pale Sviyazhsk kwenye Mto Volga, kikosi kilikimbia mstari na kupanda meli ili kitoroke. Trotsky akaunda mahakama ya kijeshi, na kamanda, komisaa wa kikosi (mwakilishi wa chama jeshini) na baadhi ya askari wakapigwa risasi. Jeshi Jekundu alilijenga kwa maelfu kwa maelfu ya maofisa wa zamani wa tsar, jambo lililohitaji akili pana. Ila aliamuru pia familia zao zijulikane zilipo, ofisa akisaliti zikamatwe. Machi 1921 ni yeye aliyetia saini onyo la mwisho kwa Kronstadt.

*Shamba.* Watu husahau kwamba mapema 1920, mwaka mmoja kabla ya Lenin, alipendekeza unyang'anyi wa nafaka ubadilishwe kuwa kodi, akakataliwa. Mwaka huohuo alikuwa mtetezi mkuu wa kuwapanga wafanyakazi kijeshi, mtu apelekwe kazini kama askari anavyopelekwa zamu. Miaka ya kati ya 1920 kambi yake ilitaka matajiri wa vijijini wakamuliwe kodi zaidi ili viwanda vijengwe haraka, na mashamba ya pamoja yaje polepole kwa hiari. Stalin alipoyaleta kwa nguvu, Trotsky aliilaani pupa ile akiwa Uturuki. Je, angekuwa yeye Kremlin, mkulima akakataa kuuza kwa bei ya serikali, hiari ingedumu miezi mingapi? Hapo mwandishi uamue mwenyewe. Mimi ningeipa misimu miwili ya mavuno.

*Wenzake.* Alikuwa na dharau iliyomchosha kila mtu, lakini kuna jambo moja zito upande wake. Hadi Januari 1925 alikuwa kamishna, yaani waziri, wa vita. Walipomvua cheo, hakusogeza hata kikosi kimoja. Mwaka uliotangulia, mbele ya mkutano mkuu wa chama, alisema hakuna awezaye kuwa sahihi dhidi ya chama. Mtu wa namna hiyo angewaponda wapinzani wake kwa hotuba na makala, angewatuma mikoani, pengine angewafunga. Kuwabambikia kesi za ujasusi wa Wajerumani na Wajapani, kama Stalin alivyofanya, ni jambo sioni likitoka kwake. Uongo wa aina hiyo unahitaji subira ya karani, na Trotsky hakuwa karani.

*Idara.* Angeitumia mchana kweupe na kuitetea kwa kitabu. Aliwahi kufanya hivyo 1920.

*Anamfaa* mwandishi wa vita. Kwa Trotsky hatari inahamia mpakani: Poland, Ujerumani, China. Ukandamizaji wake unakuja katika mawimbi, pamoja na kila wito wa kuwa tayari.

Bukharin aliyesikilizwa

*Rekodi* ya Bukharin ni fupi kwa sababu hakupewa jeshi wala idara. Alipewa gazeti, *Pravda*, na baadaye uongozi wa Kominterni, umoja wa vyama vya kikomunisti duniani. Mwaka 1920 aliandika kwamba shuruti ya aina zote, kuanzia risasi hadi kazi ya lazima, ni njia ya kumtengeneza binadamu mpya. Miaka mitano baadaye aliwaambia wakulima wajitajirishe. Wanaompenda huikumbuka sentensi ya pili.

Lakini kuna tukio dogo linalonikaa kichwani kila nikisikia jina lake. Mwaka 1928 wahandisi na mafundi 53 wa migodi ya makaa ya mawe ya Donbas walishitakiwa kwa hujuma, kesi maarufu ya Shakhty. Julai mwaka ule Bukharin, akiwa tayari anamwogopa Stalin, alimwona Kamenev kwa siri kumlalamikia, akimfananisha Stalin na Genghis Khan. Kamenev aliandika mazungumzo yale. Katikati ya malalamiko ipo sentensi inayopita haraka kama mtu aliyevuka chumba: Stalin alipendekeza asiuawe hata mmoja katika kesi ya Shakhty, na sisi tukapiga kura kumpinga. Watano walipigwa risasi. Huyo ndiye mpole wa kundi.

*Shamba.* Hata hivyo, kwa kigezo hiki hana mpinzani. Januari 1928 Stalin alipanda treni kwenda Siberia, akawalazimisha maofisa wa huko wawashitaki wakulima waliozuia nafaka. Bukharin na wenzake wa uongozini, Rykov na Tomsky, walitaka njia nyingine: bei ipande, nafaka iagizwe nje ikibidi, viwanda visubiri kidogo. Njia ile ingeleta viwanda vichache, foleni ndefu za mkate mijini na manung'uniko jeshini. Isingeleta njaa ya 1933. Kwa kuhesabu makaburi tu, hapa ndipo kuna pengo kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu.

*Wenzake.* Alimsaidia Stalin kumfukuza Trotsky 1927, kwa bidii na kwa kejeli. Alijifunza thamani ya kuruhusu upinzani siku upinzani ulipokuwa yeye.

*Idara.* Udhaifu wake mkubwa uko hapa. Hakuwa na mtu wake pale. Ukimweka juu, inabidi uandike nani anashika OGPU, na huyo mtu ndiye atakayeamua hadithi yako inaishaje. Bukharin peke yake kileleni haaminiki. Rykov kama mkuu wa serikali, yeye kama mwananadharia, inaaminika.

*Anamfaa* anayetaka kuandika kijiji kilichobaki kijiji. Hofu ipo, lakini inaishi mjini, kwa wahandisi, mapadri na wanasiasa wa zamani.

Kirov ambaye risasi ilimkosa

Nitapita haraka. Kirov, kiongozi wa chama Leningrad, anapendwa kwa sababu alikufa mapema, 1 Desemba 1934, kwenye korido ya Smolny, makao ya chama mjini humo, kwa mkono wa Leonid Nikolaev. *Rekodi* na *Shamba* ni za Stalin mwenyewe: alikuwa mtu wake, alisimamia mashamba ya pamoja katika mkoa wake, na mfereji wa Bahari Nyeupe uliochimbwa na wafungwa aliushangilia. *Wenzake* walimpenda, alikuwa msemaji mzuri mwenye kicheko. *Idara* hakuwahi kuijaribu.

Thamani yake iko kwenye tarehe. Siku ileile ya kifo chake ilitoka sheria ya kuharakisha kesi za ugaidi: upelelezi usizidi siku kumi, rufaa hakuna, hukumu itekelezwe mara moja. Nikolaev akikosa shabaha, Stalin anabaki, ila analazimika kutafuta kisingizio kingine cha kuwaua wapinzani. *Anamfaa* mwandishi anayetaka kuchelewesha mambo, asiyetaka kuyageuza.

Beria aliyewawahi wenzake

Huyu ndiye mgumu, na nakiri ndiye anayenivutia kuliko wote.

*Rekodi.* Hakuna mwingine katika orodha hii mwenye damu nyingi hivi mkononi. Alisafisha Georgia miaka ya 1930, yaani aliwakamata na kuwaua waliotiliwa shaka. Alishika NKVD kuanzia Novemba 1938. Machi 1940 alipeleka kwa Stalin pendekezo lililowaua Wapolandi wapatao 22,000, wale wa Katyn na kwingine. Februari 1944 alisimamia mwenyewe kung'olewa kwa Wachecheni na Waingushi karibu nusu milioni, wakapakiwa kwenye mabehewa na kupelekwa Asia ya Kati. Mei ikawa zamu ya Watatari wa Krimea.

Kisha Stalin akafa tarehe 5 Machi 1953, na mtu yuleyule akakaa mezani. Tarehe 25 Machi miradi mikubwa zaidi ya 20 iliyotegemea wafungwa ilisimamishwa, pamoja na reli ya Salekhard hadi Igarka, reli iliyojengwa juu ya barafu isikokwenda abiria. Tarehe 27 Machi ukatoka msamaha ulioachia watu wapatao milioni 1.2, wengi wao wa makosa ya kawaida, kwa kuwa waliofungwa kisiasa kwa zaidi ya miaka mitano hawakuhusika. Tarehe 4 Aprili kesi ya madaktari, wengi wao Wayahudi waliodaiwa kupanga kuwaua viongozi, ikatangazwa kuwa ya uongo, na siku hiyohiyo akapiga marufuku kutesa watu wakati wa mahojiano. Kambi zikahamishiwa Wizara ya Sheria. Yote hayo ndani ya wiki tano.

Alitubu? Sidhani. Alikuwa ameendesha miradi ya bomu la atomiki na ya kambi, alizijua hesabu zake, na aliona mfungwa mwenye njaa anakula zaidi ya anachozalisha. Aliizima mashine kama mhasibu anavyofunga tawi lisiloleta faida.

*Shamba.* Hana mengi. Wakulima walikuwa wamekwisha kufungwa kwenye mashamba ya pamoja na hakuwa na mpango wa kuwafungulia. Kilichomshughulisha ni mataifa madogo: alitaka Ukraine na Lithuania ziongozwe na wenyeji zaidi na Warusi wapungue.

*Wenzake.* Hapa ndipo anapoanguka. Aliunganisha wizara ya mambo ya ndani na ile ya usalama chini yake, na kila aliyekaa naye alijua faili lake liko kabatini kwa Beria. Wakamkamata mkutanoni tarehe 26 Juni kwa msaada wa majenerali, na Desemba wakampiga risasi. Mwosha huoshwa: kati ya wakuu wa idara ile, Yagoda, Yezhov na Beria wote watatu waliishia pale walipowapeleka wenzao.

*Idara.* Ndiye pekee aliyekuwa na ufunguo wa kuizima, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa ndani. Tatizo ni kwamba ufunguo huohuo unaiwasha tena.

*Anamfaa* mwandishi anayeweza kuvumilia mhusika mkuu anayefungua milango ya kambi kwa mkono uliozijaza. Mfungwa wako anarudi nyumbani 1953. Mjumbe wako wa Kamati Kuu halali.

Kasoro ya mizani yangu

Kigezo cha Rekodi kinanisaliti mahali pamoja, na ni haki msomaji ajue. Khrushchev, aliyekuja kuongoza nchi baada ya Stalin, alikuwa kiongozi wa Moscow na kisha wa Ukraine katika miaka ile ya 1937 na 1938, na alishiriki usafishaji kama wengine. Ningempima mwaka 1940 ningemweka kapu moja na Beria. Lakini 1957, wapinzani wake walipojaribu kumng'oa wakashindwa, wakuu wao wawili waliishia hivi: Malenkov alipelekwa kuendesha kituo cha umeme Kazakhstan na Molotov akawa balozi Mongolia. Hakuna aliyepigwa risasi. Na yeye alipong'olewa Oktoba 1964, alipewa pensheni. Novocherkassk, ambako wanajeshi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma mwaka 1962, wangekuambia habari nyingine.

Uchague vipi

Ikiwa muswada wako unahusu wakulima, nenda kwa Bukharin, na uanze Januari 1928: treni ya Stalin isifike Siberia. Usisahau kuandika foleni ya mkate Moscow, la sivyo utakuwa umeandika ngano ya watoto.

Ikiwa unataka siasa za vyumba vya mikutano, watu wanaorushiana maneno makali na kesho wanakutana tena, Lenin aliyepona ndiye mahali pako. Weka mhusika mmoja asiye mwanachama, mwalimu au padri, ili msomaji aone ukuta uko wapi.

Ikiwa ni vita na mapinduzi ya nje, Trotsky. Ila mpe mkuu wa idara mwenye jina na tabia. Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa Cheka, alikufa Julai 1926, kwa hiyo nafasi iko wazi wakati unaoifaa hadithi yako.

Ikiwa unabadilisha jambo dogo na kuacha mengine kama yalivyo, mwache Nikolaev akose shabaha, kisha uhesabu miezi hadi kisingizio kinachofuata.

Na ikiwa huogopi kumchanganya msomaji, ahirisha mkutano wa tarehe 26 Juni 1953 kwa wiki moja, na Beria asikie kinachopangwa. Andika sura ya kwanza kutoka kambi ya Norilsk, ambako wafungwa waligoma mwezi ule, na redio ya kambini inatangaza msamaha mpya. Wanashangilia. Mmoja wao, aliyefungwa na Beria mwaka 1939, ameketi kitandani, anasubiri kusikia uliotiwa saini na nani.